Tuta la Gervas

Kijiwe chetu hapa Kakese ni gogo moja mbele ya birika la kahawa la Marsela. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mto ukapanda, ukazoa jiko la Felista, yule mjane anayekaa upande wa chini. Nyumba ilikuwa imebaki, ila wingu jingine lilishajikusanya, na sisi wanaume wazima tulikuwa tunakunywa kahawa. Nilikasirika sana, nikaagiza kikombe cha pili.

Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kuziba pancha, ndiye aliyeanza.

— Huko juu mlima umepasuka. Maji haya si ya mawinguni.

— Mlima gani? Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa hazimiki, akamkatiza. Ni viboko wa hifadhini. Wamelala mtoni wote kwa mpigo, maji yakakosa njia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa kiboko naye ni haba? Injinia akauliza.

Gervas, mwenye shamba kubwa la mpunga kuliko sisi wote, akadai Ziwa Tanganyika limechoka kukaa Ikola, linahamia mjini. Mtavua dagaa stendi. Mimi nikasema ardhi imeshiba, haimezi tena, kila tone linakimbilia mtoni. Wakanicheka. Nadharia yangu haikuwa na kiboko.

Ndipo akafika Makoye, mkwe wa Felista, katoka Kasansa kuja kuhamisha vyombo vya mama mkwe wake. Akatuamkia wote, akautazama mto.

— Wazee wangu, kabla ya mpunga, kingo za mto huu zilikuwa zinaishia wapi?

Kila msimu, kila mmoja wetu husogeza tuta la jaruba lake mtoni kidogo, apate mistari miwili mitatu zaidi ya mpunga. Mto umebaki mfereji, na mfereji unaelekea kwa Felista.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Redio akajitetea.

Gervas akamaliza kahawa yake taratibu, akamwomba Marsela jembe.

— Tuanze na tuta langu. Injinia, beba koleo. Redio, nenda kawaambie viboko wapishe.

Tulilivunja. Maji yakaacha kumsukuma Felista, yakatawanyika kwenye mpunga wa Gervas uliokuwa umeanza kubeba masuke. Iliniuma kuutazama. Yeye hakuutazama, alikuwa ameshafika kwenye tuta la pili, ananingoja.

Lilikuwa langu. Nikavua viatu.