Chiriku na Wimbo wa Nne

Mwenzetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1985, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya karibu na stesheni. Alikuwa mtoto wa pili wa mdogo wangu, fundi cherehani, na wa shemeji yangu, dereva wa lori. Mkunga alisema hajapata kusikia kilio kama kile, kinapanda na kushuka kama kinatafuta pa kukaa. Bibi yake akamwita Chiriku, na jina la cheti likasahaulika. Wazazi wake walipotangulia mbele ya haki, alihamia kwangu mimi, mama yake mkubwa, ninayewasomea haya.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1992, na hakukawia kushukiwa. Mwalimu wa hesabu aliona midomo yake inachezacheza wakati wa mtihani, akasema mtoto huyu anapeana majibu na wenzake. Akamkalisha peke yake mbele, akainama kumsikiliza. Kumbe anaimba jedwali la saba.

"Endelea," mwalimu akamwambia, "ila usiwaimbie wengine."

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2002, na matokeo yake hayakumwaibisha mtu.

Alijifunza ususi, akafungua saluni ya viti vitatu mkabala na kituo cha mafuta. Waliosukwa pale wanajua: mikono ilisuka, masikio yakasikiliza, na jioni akatunga. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na fundi friji, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Nilimchunguza mwaka mzima kabla ya kukubali posa, maana kimya kingi kina mshindo. Sikupata kitu.

Tarehe 2 Agosti 2014 ilitoka albamu yake ya kwanza, "Dirisha la Jikoni", nyimbo tisa, zote katunga mwenyewe. Alizirekodi katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, juu ya duka la matairi. Redio zikazipiga, na hapo ndipo macho ya watu yalipobadilika. Wanawake watatu walikuja saluni, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja akidai wimbo wa sita ni wa kwake.

"Shoga, umenianika!" alilalamika mmoja.

"Kwani mama mkwe unaye wewe peke yako?" Chiriku akamjibu, huku anamchana.

Wengine wakawa wanakaa kitini kama wamekuja kung'olewa jino. "Suka tu, dada. Leo sina habari."

Lakini wimbo wa nne ndio ulioingia nyumbani. Unamhusu mwanamume anayepita chini ya dirisha akipiga mluzi, na mwanamke anayeacha chungu kiungue ili amsikilize. Mume wa Chiriku aliusikia mara ya kwanza akiwa ameingiza kichwa ndani ya friji ya mteja. Hajui kupiga mluzi, huyu baba. Tangu siku hiyo, kijana yeyote akipiga mluzi barabarani, yeye yuko dirishani. Hakumuuliza mkewe. Aliniuliza mimi.

"Mama, unamjua?"

"Nitamjua," nikamwambia. Lisemwalo lipo; liimbwalo je?

Nilikwenda studio nimwangalie fundi mitambo usoni.

"Mluzi huu kapiga nani?"

Akabonyeza kinanda, mluzi ukatoka. Nikarudi na shaka yangu nzima kama nilivyokwenda nayo.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Saluni ikafungwa. Mumewe akampikia, akampeleka kliniki, na miguu ilipokataa, akambeba. Siku moja wodini, tukiwa wawili, nilimuuliza: "Mwanangu, mwenye mluzi ni nani?"

Alicheka mpaka nesi akachungulia. "Mama mkubwa, na wewe? Nilimtunga. Pale katikati wimbo ulikuwa mtupu, nikataka mtu apite."

"Mtu hapiti hivihivi."

"Kwenye wimbo anapita."

Nilimwangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia utotoni akiwa na sukari mdomoni. Sitawadanganya mbele ya jeneza: sikujua kama nimwamini, na hadi leo sijui. Alifariki Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi, kwenye kikao cha familia, wenzake wa saluni waliomba albamu ipigwe leo hapa kaburini. Mjomba wake akasema sawa, ila wa nne urukwe, kulinda heshima.

"Kuruka ni kukiri," nikamwambia.

Wote tukamgeukia mume. Nikamweleza alichonijibu Chiriku wodini. Akasema:

"Awe wa kweli, awe wa kutungwa, mimi simjui. Lakini huyo hajambeba mpaka bafuni hata siku moja. Mimi nimembeba. Zipigeni zote tisa."

Basi zitapigwa zote tisa. Mwenye neno juu ya wimbo wa nne alimeze, au akamwambie mwenyewe siku watakapoonana.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na minne, mwana wa miaka tisa, kaka, mjomba, na mimi niliyemlea. Chiriku mwanangu, lala kwa amani. Maswali yetu tuachie wenyewe.