Mama Dozi na Pua Aliyoiacha Maabara

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Dozi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kiwanda chetu cha gundi na rangi. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila hata mlinzi wa getini halitumii.

Alianza kwa kuosha chupa, akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi kuwa mwainishaji mkuu wa kemikali. Kwa maneno mepesi, yeye ndiye anayeamua kila pipa linaloingia bohari liandikwe nini: linawasha, linaunguza, linaua papo hapo au linadhuru polepole. Jina la utani lilitokana na wimbo wake usiokwisha, kwamba sumu ni dozi. Ukitia kijiko cha nne cha sukari kwenye chai mbele yake, utaainishwa na wewe.

Somo lake maarufu ni la kile kiasi cha kemikali kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Mgeni akiona tarakimu kubwa hudhani sumu ni kali, kumbe ni kinyume: kama inahitajika nyingi ndipo iue, basi ni hafifu. Mkuu wa mauzo aliwahi kusimamisha shehena nzima ya sabuni ya maji kwa kuiogopa tarakimu hiyo. Mama Dozi alimweleza taratibu kwamba kwa hesabu zake hata maji ya kunywa yangepigwa marufuku. Mpaka leo tunamtania mkuu huyo, naye ameshazoea.

Tarakimu hiyo hiyo ndiyo iliyomletea vita vyake vikubwa. Miaka kumi iliyopita kililetwa kiyeyusho kipya cha gundi. Kwa kuwa tarakimu yake ilikuwa kubwa, meneja wa wakati huo alitaka lebo iseme madhara ni madogo, na kina mama wa chumba cha kufungashia waendelee na kazi kama kawaida, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia vumbi. Mama Dozi akakataa kutia saini. Alisema tarakimu ile inahesabu wanaokufa kwa mkupuo, haiwahesabu wanaovuta mvuke kidogo kidogo kila siku. Akataka iandikwe wazi kwamba kiyeyusho kinadhuru kikivutwa mara kwa mara. Meneja akamuuliza ni nani aliyekufa.

Hapo akatuambia jambo ambalo hata sisi wa meza ya jirani hatukulijua. Enzi za ujana wake, lebo zikibanduka, chupa zilitambuliwa kwa kunuswa, na yeye alisifiwa kuwa na pua kali kuliko wote. Hakuzimia hata siku moja. Pua ilififia tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka uji wa mwanawe ulipoungua akiwa amelipa jiko mgongo, na mumewe ndiye aliyekuja mbio kutoka uani. Tangu hapo mumewe ndiye anayenusa maziwa kama yamechacha. Akamjibu meneja kwamba hakuna aliyekufa, ila yeye hajui mjukuu wake ananukiaje.

Meneja akakubali lebo iandikwe kama alivyotaka Mama Dozi. Wiki ile ile zikawekwa feni za kutoa hewa chafu, na kina mama wakapewa barakoa zenye vichujio.

Juzi, kwenye hafla ndogo, kina mama hao hao walimzawadia sabuni za kuogea. Akafungua moja, akaipeleka puani kwa mazoea, kisha akajicheka mwenyewe. Hatukupanga yaliyofuata. Waliipokea wakaanza kupokezana, kila mmoja akiinusa na kumweleza. Mmoja alisema ni waridi. Mwenzake akabisha, akasema kuna na limau kwa mbali. Wa tatu, aliyefungasha gundi ile tangu siku ya kwanza, alifumba macho akavuta pumzi ndefu. "Inanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa, dada," akasema. "Mjukuu wako alikuwa hivi." Mama Dozi alilia, na sisi tukalia naye bila aibu.

Dada yetu, asante kwa pua hizi zote. Tunakutakia mapumziko marefu yenye hewa safi, wewe na shemeji yetu mnusa maziwa. Na siku ukitaka kujua kitu kinanukiaje, chumba cha kufungashia unakijua, njoo nacho.