Mama Barafu na Swali Lake: Kalala Wapi?

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu wa samaki anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Jina lake la kwenye faili halina kazi hapa. Sokoni, ofisini na hata kwa wakwe zake anaitwa Mama Barafu.

Alianza na kipimajoto, ndoo na ulimi usioogopa mtu. Kila asubuhi alifunua mashavu ya samaki, akabonyeza mnofu kwa kidole, kisha akamtupia muuzaji swali moja tu: kalala wapi? Alitaka kujua kama samaki alilazwa kwenye barafu au kwenye beseni kavu. Mke wa muuzaji mmoja alilisikia kwa mbali, akadhani anayeulizwa alikolala ni mumewe, ikabidi Mama Barafu akapatanishe nyumba ya watu.

Mimi ninayeandika, karani wa ofisi, sina budi kukiri langu. Miaka tisa iliyopita nilijitolea kuwapikia wenzangu chakula cha mchana. Nilinunua vibua saa mbili asubuhi, nikawaacha kwenye ndoo chini ya meza hadi saa sita, nikawakaanga mpaka wakakauka. Hawakunuka hata kidogo. Tulikula kwa bashasha. Punde midomo ikawasha, nyuso zikapata joto, shingo zikatoka vipele, na wote wakanitania kwamba nimezidisha pilipili.

Mama Barafu aliingia akiwa amechelewa, akauliza nimetia pilipili ngapi. Sikuwa nimetia hata moja. Akauliza vibua walilala wapi, nikaiangalia ndoo. Alikusanya sahani zote, pamoja na ya bosi aliyekuwa bado anang'ang'ania kichwa, akatupeleka zahanati. Dereva wetu, mwenye pumu, tayari alikuwa anaishiwa pumzi. Tuliogopa sana.

Somo lake sasa tunalijua kama majina yetu. Joto likishamtia samaki sumu, moto hauitoi, wala ndimu, wala friji. Kinga ni barafu, tangu anavuliwa hadi anaingia sufuriani. Na kinywa kikiwasha bila pilipili, acha kula, nenda hospitali.

Ahsante, Mama Barafu. Nakupenda, na haya ya siku ile bado ninayo. Dereva amegoma kumwachia mtu usukani Ijumaa. Anasema pumzi anazovuta ni zako, atakufikisha nyumbani mwenyewe. Tunakutakia mapumziko mema. Jumatatu lala mpaka jua lijae chumbani, na asitokee wa kukuuliza umelala wapi.