Ing'oeni Mota ya Cherehani

Sogeeni wanangu, mkae karibu nisikie pumzi zenu, na wewe kitinda mimba wangu acha kuhangaika na huo mto, umeshakaa sawa. Maneno ninayo machache na nguvu ni chache zaidi, na baba yenu nimemtuma mayai makusudi ili niyaseme akiwa hayupo.

Nyumba ni yake mpaka siku yake, hilo halina mjadala. Cherehani nakupa wewe binti yangu, lakini ing'oe kwanza ile mota. Mnakumbuka mlivyoileta? Mlikuja wote watatu, mkaifunga wenyewe, mkaniambia, "Mama, miguu imefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika," nami kwa furaha nikawaita majirani waje waone. Hakuna aliyejua kwamba kule kukanyaga cherehani tangu usichana wangu ndiko kulikokuwa kukinipa miguu ya kupanda ngazi za nyumba hii. Mota ikashona, miguu ikakaa. Mkaona napanda kwa shida kuanika nguo juu, mkaleta mtu wa kufua. Mkaona nasimama kwa kujivuta, mkaleta kile kiti laini cha kuzama. Kila nilipolegea mliniongezea mapumziko, na kwa kuwa mlifanya kwa mapenzi, sikuwa na mdomo wa kukataa. Siwalaumu. Mmenipenda, wanangu, nami nimeyaona mapenzi yenu. Ugonjwa huu ulionilaza haukutoka kwenye mota, lakini ulinikuta sina akiba mwilini.

Sasa nimewasikia mkinong'ona jikoni, maana masikio bado mazima. Mnataka nikishaondoka mumhamishie baba yenu kwako wewe mkubwa wao, kusiko na ngazi, apewe chumba, kiti changu na mtu wa kumlisha. Nawaomba, na huu ndio wosia wangu hasa, msimfanyie hivyo. Yule ni fundi rangi, ameishi juu ya ngazi maisha yake yote, na mpaka leo anafua shati lake na kupanda kulianika juu mwenyewe. Asubuhi, chai ikiwa jikoni, anakaa kwenye stuli na kuinuka, tena na tena, bila kushika meza, kama alivyotufundisha yule binti wa mazoezi pale kliniki, huku akihesabu kwa sauti na kuiba hesabu. Mkija, fanyeni naye, na mumkamate anaporuka namba. Msimpe mkate wa kulowekwa kwenye chai kana kwamba hana meno. Apate mayai, maharage, samaki, mboga, na apate mtu wa kula naye, kwa sababu akiwa peke yake huishia kwenye hiyo chai. Mkitembea naye, fuateni mwendo wake. Akiyumba mpeni mkono, na akishasimama urudisheni mkono wenu. Siku akishindwa kweli mtaona, na hapo mbebeni kama alivyowabeba.

Kile kiti nakurithisha wewe mkubwa. Kikalie ukija kumsalimia, maana naona hicho kitambi nacho kinatafuta pa kupumzikia. Cheka, mwanangu, usilie. Kicheko chako ndicho ninachotaka kuondoka nacho.

Nipeni maji kidogo... basi, yanatosha. Mliponikosea nimewasamehe, nami nilipowakosea mnisamehe. Mungu awape afya, awape miguu ya kuwafikisha uzeeni, na mkifika huko awape watoto wenye subira. Mlikuwa mkiniambia nipumzike... haya, sasa nimekubali.

Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Ni baba yenu huyo, yuko kwenye ngazi. Amesimama... anavuta pumzi... anapanda tena. Kaa, mwanangu, usimkimbilie. Mlango mwacheni afungue mwenyewe.