Naisula, Aliyewatafutia Majina Watu wa Kwenye Kalenda

Wasikilizaji wapendwa, mlio Rhotia mkipukuchua mahindi, mlio Buger, nanyi mlio Kakesio nyuma ya ng'ombe na redio mmezitundika shingoni, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyezikwa Rhotia wiki iliyopita. Jina lake ni Naisula. Tunalitaja mapema, na tutalitaja tena na tena, kwa sababu mama huyu aliudhiwa maisha yake yote na jambo moja: kutazamwa na kila mtu bila kutajwa na yeyote.

Mliofika msibani mliona kioja. Mlangoni palitundikwa bango kubwa lenye picha ya Naisula akiwa binti, anacheka, amembeba ndama kifuani. Picha nzuri kweli. Mara Nasieku, binti yake wa kwanza, akatoka jikoni na mikono yenye unga, akalishusha bango lile, akalikunja, akalisukumia chini ya meza ya rambirambi. Watu wakanong'ona kwamba msiba umemchanganya. Haukumchanganya hata kidogo. Sikilizeni kisa chenyewe.

Naisula alizaliwa Kakesio, kwenye boma la wafugaji. Miaka ya themanini ikielekea mwishoni, mgeni mwenye kamera alifika pale bomani. Supeet, kaka yake mkubwa, akamwambia, "Simama vizuri. Wanapiga picha za kadi ya zahanati." Akaamini. Kaka ni kaka. Akambeba ndama aliyezaliwa asubuhi ile, akacheka, picha ikapigwa. Kadi hakuiona. Alipouliza baadaye, Supeet alijibu, "Hata mimi walinidanganya, dada."

Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akahamia Rhotia kuuza shanga. Siku moja alinunua karanga dukani kwa jirani yake, mama Paskalina. Karanga zilifungwa kwenye kipande cha karatasi. Akakifungua, akajikuta anatazamana na meno yake mwenyewe. Kilikuwa kipande cha kalenda ya zamani ya hoteli moja ya watalii, hoteli ambayo siku hizi haipo tena. Naisula hakujua kusoma, hivyo akamrudishia mwenye duka amsomee.

Mama Paskalina anakumbuka vizuri: "Nikamsomea. Wameandika, 'Binti wa porini.' Akasema soma tena. Nikasoma tena. Akaniuliza, 'Basi, imeishia hapo? Mbona hata yule ndama alikuwa na jina!'"

Walicheka wote wawili. Ila karanga zile Naisula hakuzila.

Kuanzia siku hiyo akawa mkusanyaji. Kalenda, vipeperushi vya hoteli, mabango ya dawa za kuogeshea mifugo, pakiti za majani ya chai, lebo za mafuta ya kupikia. Wenye maduka walimpa matangazo ya zamani, yeye akiwapa magazeti ya kufungia vitu. Watoto wakambandika jina la Bibi Makaratasi, naye akaliitikia bila kinyongo. Hazina yake aliiweka kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, juu ya mbao, mchwa wasifike. Waliomcheka kwa kuokota takataka aliwajibu hivi: "Tangazo linaweza kukudanganya kuhusu sabuni. Lakini ukuta ulio nyuma ya sabuni ni ukuta wa kweli."

Na ni kweli, wasikilizaji. Kwenye tangazo moja la betri unaiona barabara ya Karatu kabla ya lami, vumbi limewafika watu magotini. Kwenye bango la dawa ya kupe kuna hereni ambazo wajukuu wa leo hawazijui. Aliyechapa alitaka kuuza dawa. Bila kukusudia akatuwekea Karatu yetu.

Lakini alichokitafuta hasa Naisula ni watu. Akiona sura kwenye tangazo, ataulizia minadani, kanisani, vijiweni kwa bodaboda, mpaka mwenye sura apatikane. Akimpata anamkalisha kwenye kigoda, anamshikisha karatasi yake, anamuuliza: Unaitwa nani? Ulivaa cha nani? Nani alikuleta mbele ya kamera? Nasieku anaandika jina juu ya mfuko. Mzee Tajewo, yule wa kwenye bango la dawa ya kupe, alipokalishwa alikiri kwamba ng'ombe aliyepigwa naye picha si wake, na kwamba wake alikuwa mnono zaidi.

Swali la tatu ndilo lililomuuma mwenyewe. Nani alinileta mimi? Nani alimwonyesha yule mgeni boma letu? Alitaka kulijua hilo kabla hajafa.

Katika safari hii yote, msaidizi wake mkubwa alikuwa Supeet. Kumbukeni jina hilo: Supeet, kaka yake. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye hoteli ile ile ya kalenda, na hoteli ilipofungwa akahamia getini kwa nyingine. Kila alipokwenda Rhotia alimletea dada yake vipeperushi, amevikunja chini ya kwapa. Naisula alimwekea maziwa ya kibuyu cha kwanza. Wanawe hawakuyagusa mpaka mjomba ashibe.

Mwaka juzi ndipo alipompata mzee Hhando wa Buger. Hhando ni Mwiraqw, mchuma kahawa wa zamani. Kwenye kipeperushi cha hoteli ile ile amesimama kwa mguu mmoja, ameshika mkuki, amejitanda shuka jekundu. Naisula na Nasieku walimkuta akipalilia maharage. Wakamuuliza alivaa cha nani. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Walinivika shuka la watu! Mimi Mwiraqw wa watu nikawa Mmaasai mpaka picha zikaisha. Mguu ukafa ganzi!"

"Shuka la nani, mzee wangu?"

"La yule kijana wenu aliyekuwa anatukusanya. Anapita mashambani, anapita maboma, anachagua sura. Sasa hivi kazeeka naye, ni mlinzi. Supeet."

Nasieku anasema mama yake alicheka kwanza, akadhani ni utani. Kisha akamwomba mzee alitaje tena jina hilo. Mzee akalitaja.

"Na kadi ya zahanati?" akauliza Naisula.

"Aa, hiyo aliitunga njiani, ili nyie wasichana msikatae. Alitusimulia mwenyewe tukacheka. Ndipo wakampa kazi ya getini."

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naisula alirudi nyumbani. Akamwita kaka yake. Supeet akaja kama kawaida, na vipeperushi kwapani. Naisula akaweka kigoda, akamkabidhi ile kalenda.

"Kaa, kaka. Nani alinileta mbele ya kamera?"

Supeet hakukaa. "Dada, hayo mambo ya zamani. Si yalishapita?"

Nasieku alikuwepo, na maneno ya mama yake anayo mpaka leo: "Picha nilishaisamehe. Kisichonishuka kooni ni wewe, kaka. Miaka yote unaniletea makaratasi. Unaniona nazunguka na bodaboda kwenye matope kumtafuta aliyeniuza, halafu unarudi kwangu kunywa maziwa. Ulikuwa unanitazama natafuta!"

Supeet akaviacha vipeperushi mlangoni, akaondoka.

Naisula hakumfungulia kesi wala hakumtangazia ubaya. Alitaka kitu kimoja tu: kaka yake akae kwenye kigoda kama walivyokaa wengine wote, aseme kwa mdomo wake. Supeet alituma sukari. Akatuma wazee. Akatuma mbuzi, na Naisula akamrudisha: "Mbuzi huyu hana la kuniambia." Mama alipolazwa, kila mlango wa wodi ulipofunguka aliinua kichwa. Supeet alifika mpaka getini pa hospitali, akazungumza na mlinzi mwenzake, akageuza. Naisula akafa.

Sasa mnajua lile bango lilitoka wapi. Supeet, kama mkubwa wa ukoo, ndiye aliyelichapisha, na picha aliichagua yeye. Nasieku anasema, "Nilimwona yeyo, mama yangu, anauzwa tena, mlangoni kwake, mbele ya jeneza lake."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kilimtembelea mzee Supeet. Mwanzo alikataa, kisha akaomba kinasa sauti akakishika mwenyewe. Alisema hivi: "Anaitwa Naisula, dada yangu. Ni mimi niliyempeleka mgeni bomani. Kadi ya zahanati niliitunga mimi. Nilitaka kazi. Dada, nisamehe."

Tulimpelekea Nasieku sauti hiyo. Akaisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Kumbe maneno haya alikuwa anayaweza," akasema. "Wilaya nzima itayasikia. Yeyo alikuwa na masikio mawili tu, akamnyima."

Kwako Nasieku na wadogo zako, kwa mama Paskalina na majirani wa Rhotia, poleni sana. Kwako mzee Supeet pia, pole. Aliyekufa ni dada yako, na hilo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Makaratasi ya Naisula yapo kwa bintiye, na majina yameandikwa. Kalenda ya binti mwenye ndama nayo sasa ina jina.

Nawe unayetusikiliza, huenda kuna mtu anayekungoja useme jambo. Usitutumie sisi. Inuka uende kwake, ukae alipokuwekea kiti, useme. Redio hii inasikika Karatu yote mpaka Ngorongoro. Kaburini haifiki.