Koti la Papa Griffe Limefungwa Vifungo

Benchi letu la ugenini liko karibu na Porte de Namur, pale Chaussée d'Ixelles inapoanza kushuka, mbele ya saluni iliyofungwa tangu mwaka jana. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo tukibishana sana linacheza. Kahawa ni ya thermos ya Maman Kahambu wa Butembo, na asiyekuja na kikombe chake anakunywa harufu. Jumatano ile ya mwezi wa sita tulikuwa na kesi nzito. Papa Antoine, mzee wetu wa Lubumbashi, alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti lake la sufu, juani, siku ya tatu mfululizo.

Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Papa Antoine ndiye tunayemwita Papa Griffe. Griffe ni ile lebo ya ndani yenye jina la mshonaji, na kwetu sisi koti lisilo na griffe ni blanketi lenye mikono. Lake lina jina la yule Mfaransa mashuhuri wa Paris. Kila akifika benchini hulifungua mara moja, fyap, halafu analifunga kabla hujapepesa macho. Vijana wa mtaa mzima wameiga fyap hiyo wakidhani ndiyo adabu ya wakubwa. Hata mimi nimeiga.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda sote sinema kuona filamu ya maisha ya Mfaransa huyo. Tulimwona akichora, akilia, akigombana na mama yake. Karibu na mwisho bibi mmoja wa karakana anashona griffe kwenye gauni, na picha inasogea mpaka unaziona nyuzi moja moja. Hapo Papa Antoine akafunga kifungo cha kwanza. Taa zilipowaka, vyote vilikuwa vimefungwa.

— Ni malaria, alisema Bienaimé, tunayemwita Radio kwa sababu hazimwi. Malaria ya Katanga inaweza kulala miaka dix, kumi nzima, alors inaamuka ku sinema.

— Hapana, alisema Désiré, Professeur wetu, aliyesoma sheria Bukavu mwaka mmoja na nusu. Ile manteau iko ya kwanza kabisa ule Mufaransa alishona. Banaitafuta ku musée, nyumba ya vitu ya zamani. Papa aliona vile mu filme, donc anaificha. Wazee walisema, mutaka cha uvunguni sharti ainame.

Akainama kweli, achungulie chini ya pindo.

Radio hakukubali kushindwa. Akadai Mfaransa alipita Lubumbashi akiwa mtoto, akaiba kipimo kwa baba yake Papa Antoine, aliyekuwa akiwashonea mapadri. Kola ile, alisema, ni ya kanzu ya misheni yetu, haki imerudi nyumbani. Maman Kahambu akawaambia wamwache mzee wa watu anywe kahawa.

— Afungue tu, alisema Professeur. Tulinganishe na ile ya filme. Kisha tunanyamaza.

Papa Antoine aliangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma. Jina la Papa Griffe tulimpa sisi, na sasa sisi ndio tulitaka kumnyang'anya.

Ndipo akafika Jémima, mpwa wa Maman Kahambu, anayesomea ushonaji. Alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba tu. Radio akamteua hakimu palepale. Msichana akamsalimia mzee kwa mikono miwili, akamwomba ruhusa ya kuona. Labda ni kwa sababu aliombwa vizuri. Papa Antoine alifungua kifungo kimoja kimoja, akaliacha koti wazi. Hapakuwa na fyap.

Jémima alipitisha kidole kwenye mishono. Akasema ni ya mkono, na ni mizuri kuliko ya mwalimu wake. Kisha akauliza:

— Papa, juu ya nini griffe iko kichwa chini?

Tukainama wote. Ilikuwa kweli. Miaka saba tumeiga fyap, kumbe mzee alikuwa anakimbiza aibu.

— Si ya Mufaransa, alisema Papa Antoine. Ni bibi yangu alishona. Antoinette. Mu cuisine, jikoni yetu ya kule Berchem, hiver, baridi yetu ya kwanza huku. Griffe aliitoa ku foulard moya, kitambaa ya shingo, ya kupasuka. Kusoma alijua kidogo tu. Nilimugombeza. Nilimuambia, bantu batanicheka. Yeye alicheka tu, akasema, vaa kwanza, utaona. Sikumuuliza nitaona nini.

Antoinette, mke wake, tulimzika mwezi wa tatu. Ninyi mnaosoma hamkumjua, lakini benchi zima lilimjua, na hakuna aliyewahi kumuuliza kazi ya mikono yake.

Jémima alishika upande wa koti, akaufungua vizuri.

— Angalia weye mwenyewe, Papa. Kutoka pale uko.

Mzee akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kutoka juu, kwa macho ya mwenye kuvaa, herufi zilisimama wima. Akazisoma huku midomo ikicheza. Sijawahi kuona mtu akisoma jina moja muda mrefu hivyo.

— Alikosea ama alifanya kusudi? aliuliza Radio, kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo.

Wa kujibu hayupo. Maman Kahambu alitikisa thermos, akammiminia Papa Antoine yote iliyobaki, na hatukulalamika.

Aliondoka kwenda metro koti likiwa wazi. Sisi tuliobaki tukafungua majaketi yetu, mmoja mmoja, tukainama kuchungulia. Griffe zetu zote zilikuwa zimeshonwa zisomwe na watu wengine.