Ndege ya Tumbo la Njano

Benchi la mtaa wa Sarafovo, mbele ya mashine ya kahawa, liko chini kabisa ya njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Burgas. Wanaolikalia wana mazoea yao: ndege ikipita, kila mtu hukata maneno, mbegu ya alizeti ulimini; ikishapita, huendelea palepale alipoachia. Hakuna anayejisumbua kutazama juu. Siku ile Dobra alikuja na kandambili za nyumbani, simu mkononi. Saa tano redio ilikuwa imetangaza kwamba Mbayuwayu, kampuni ya ndege za watalii zenye matumbo ya njano, imefungwa. Binti yake Nevyana, mhudumu wa ndege hizo, alikuwa ameruka alfajiri kwenda Leipzig, Ujerumani, kuchukua watalii, arudi saa saba. Sasa ilikuwa saa nane na nusu, na simu yake haipatikani.

— Mimi nilisema! alianza Tsanko, wanayemwita Rada kwa kujifanya anajua kila kinachoruka. Kiangazi cha kwanza ndege moja, cha pili tatu. Na zote za kukodi! Siku ya kuzipokea meya akacheza ngoma uwanjani kama bwana harusi.

— Na wewe nyuma yake, alisema Dobra. Nilikuona, unahema.

— Nilivutwa!

— Wenye ndege wameshachukua mbili, alidakia Minko, karani mstaafu aitwaye Kamati. Ya tatu wataizuia hukohuko Leipzig. Wafanyakazi watarudi kwa basi.

— Basi gani? Rada alitema ganda. Rubani hajalipwa tangu Juni. Mtu kama huyo anageuza usukani, anakwenda kuiuza ndege jangwani.

— Na watu ndani?

— Watalii hao, Kamati. Watadhani ni sehemu ya likizo.

Kamati alicheka. Dobra hakucheka.

— Ulimmwagia maji asubuhi, Mama Nevyana? Kamati aliuliza, sasa kwa upole.

Hilo lilimchoma. Kila binti yake akisafiri, Dobra humwaga maji ya birika kizingitini, safari iende bila kukwama. Leo birika lilibaki jikoni. Alikuwa amemwambia aache kampuni inayokata roho. Binti akajibu kwamba abiria hawana kosa. Mama akambamizia mlango mgongoni.

— Sikumwaga. Umefurahi?

— Basi mimi nasema, alisema Rada, hata hukohuko angani wanaweza kuwakata…

Ngurumo ikapita juu ya mapaa. Vikombe vikatetemeka. Wote watatu wakanyamaza, macho kwenye lami, mpaka ikaisha.

— …lia ruhusa ya kutua, wazunguke mpaka mafuta yaishe.

— Mdomo huo ushonwe, alisema Dobra. Uzi nitatoa mimi.

Ndipo akaja Kalina, mwalimu aliyehamia mtaani wiki hiyo, mkate kwapani. Akatumbukiza sarafu, mashine ikamtemea maji matupu. Kahawa imekwisha.

— Samahanini wazee wangu. Ile ndege ya tumbo la njano iliyopita sasa hivi, si ya Mbayuwayu? Mbona redio imesema wamefunga?

Rada alimtazama Kamati. Kamati alitazama kikombe chake.

— Ipi? aliuliza Dobra.

— Hiyo iliyowanyamazisha. Kwani hamkuitazama?

Dobra alikuwa ameshainuka, kandambili zikimpiga visigino.

— Unakwenda wapi? aliuliza Rada.

— Kuchukua birika.

— Lakini maji humwagiwa mtu akiondoka! Kamati alimpigia kelele.

— Najua! alijibu bila kugeuka. Nimechelewa tu.